Mrushaji Asiyekataa Ishara

Tangu afungue duka asubuhi ile, Ukuta alikuwa ameshapasua lenzi, amempa mzee mmoja miwani ya mke wa jirani yake, na sasa alikuwa anafuta kioo cha kabati ambacho tayari kilikuwa kinang'aa. Shangazi yake, mwenye duka, alimvumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akaweka kalamu chini.

"Hicho kioo kimekukosea nini?"

"Kina vumbi."

"Vumbi liko kichwani mwako. Kaa chini, mwanangu, unanitia kizunguzungu."

Alikaa, lakini kiti kilimchoma kama kimewekwa makaa, akasimama tena. Akaenda dirishani. Akarudi. Shangazi alimfuata kwa macho tu, hakusema neno, na kunyamaza kwa shangazi ni hatari kuliko maneno yake.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti. Mtaa mzima ulimwita Ukuta tangu alipokuwa msichana mdogo anayedaka mipira ya wavulana kwenye timu ya besiboli ya watoto, akichuchumaa nyuma ya mpigaji, na mpira haumpiti. Baba yake ndiye aliyeianzisha timu hiyo, na mpaka leo ndiye kocha wake. Alasiri ya siku hii timu ingewaenzi wachezaji wake bora wa zamani. Walioalikwa walikuwa wanne. Watatu hawakumnyima mtu usingizi. Wa nne alikuwa Shoto.

Shoto, mwenye kurusha kwa mkono wa kushoto. Shoto, aliyeondoka miaka saba iliyopita kwenda kucheza mbali, akaumia bega, akaishia kufundisha watoto wa shule katika mji wa watu. Shoto, ambaye Ukuta alijiapiza kuwa ameshamsahau, na kila akijiapiza anamkumbuka upya.

Sherehe ile ilikuwa na desturi yake. Anayeenziwa hupanda kwenye kituta cha mrushaji na kurusha mpira mmoja, na wa kuudaka ni yule aliyekuwa akimdakia enzi zao. Kisha mdakaji huyo huyo ndiye anayemvalisha jaketi la heshima. Wengine walikuwa na wadakaji wawili watatu wa kuchagua. Shoto hakuwahi kuwa na mwingine, na hakuna mtu uwanjani ambaye hangelijua hilo.

Na kulikuwa na lile la jana jioni. Baba yake alikuwa mezani, goti limefungwa taulo la moto, chakula hakijaguswa.

"Kamati imemwomba Shoto arudi aichukue timu," alisema. "Goti langu limenisaliti, sawa, nastaafu. Lakini si yeye."

"Sasa baba, hilo unaniambia mimi la nini? Waambie kamati."

"Kamati hawanisikii. Na yeye hasikii mtu isipokuwa wewe. Ukimwambia aende, ataenda." Aliisukuma sahani pembeni. "Siku ile alipoondoka nilipoteza wachezaji wawili. Yeye alipanda gari, na wewe ukavua glavu, hukuigusa tena. Nilikuwa nakusikia chumbani, unadhani sikusikii? Siwezi tena mambo hayo. Niahidi utamwambia."

"Naahidi, baba."

Alilisema kirahisi, kama mtu aliyeombwa chumvi. Ahadi ni deni, na hili lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki usiku kucha.

Kengele ya mlango ikalia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," shangazi alijibu, akamtazama aliyeingia kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Kumbe upo hai. Tulidhani huko ulikokwenda hakuna njia ya kurudi."

"Ipo, shangazi. Ni mbaya tu."

Ukuta hakugeuka. Sauti ilikuwa ile ile, imeongezewa uzito kidogo. Moyo wake, mpumbavu usiojua adabu, uliruka kama umeitwa jina.

"Mhudumie mteja," shangazi alisema kwa utamu wa kutisha. "Mimi naenda nyuma kutafuta… kitu."

Hapo Ukuta akageuka. Shoto alikuwa amesimama katikati ya duka na miwani usoni, mkono mmoja wa miwani umezungushiwa gundi ya karatasi. Mabega yalikuwa yamepanuka. Nywele zimeanza kurudi nyuma kidogo kwenye paji, na jambo hilo, ajabu, lilimuumiza Ukuta kuliko yote. Alikuwa amekosa kuziona zikirudi.

"Tangu lini unavaa miwani?" aliuliza. Salamu aliisahau.

"Tangu wanafunzi wangu waanze kuniambia namkaripia mtu asiyehusika." Alitabasamu. "Imevunjika kwenye basi. Nikasema si kuna fundi wa miwani namjua."

"Kaa hapo."

Alikaa. Ukuta akachukua rula ndogo ya kupimia macho na kuvuta kigoda. Kazi hii alikuwa ameifanya kwa wazee, watoto, wenye pua ndefu na wenye jeuri. Unakaa uso kwa uso na mtu, unashika rula juu ya pua yake, unamwambia aangalie jicho lako, unasoma umbali kati ya mboni zake. Mtoto anaweza kuifanya.

"Angalia jicho langu la kushoto."

Aliliangalia.

Hakuna aliyewahi kuliangalia jicho lile vile. Ukuta alisoma rula, akasahau alichosoma. Akasoma tena, ikaleta namba nyingine. Aliisikia pumzi ya Shoto kwenye kidole gumba chake.

"Mkono wako unatetemeka," Shoto alisema polepole.

"Wewe ndiye unatikisika."

"Mimi sijapepesa hata."

"Basi pepesa! Macho yatakukauka."

Alicheka, na Ukuta naye akacheka bila kupenda, na kwa kitambo kifupi miaka saba ilikuwa haipo. Kisha akakumbuka taulo la moto kwenye goti la baba yake. Akaishusha rula, akaandika namba ya kukisia.

"Itakuwa tayari Alhamisi."

"Alhamisi sitakuwepo. Nina basi la leo jioni." Shoto alikunja na kukunjua miwani yake. "Au nitakuwepo. Hilo ndilo lililonileta, si miwani."

"Sema."

"Wananipa timu. Mwenyekiti wa kamati anataka jibu langu leo. Nikikubali, narudi hapa moja kwa moja. Nikikataa, narudi kule kwa watoto wangu wa shule." Alimtazama. "Sikuja kumwuliza baba yako. Nimekuja kukuuliza wewe. Nibaki, au niende?"

Nyuma ya pazia shangazi alikuwa hatafuti chochote, maana hakukusikika hata kuhema.

Baki. Neno lilikuwa pale pale, mlangoni mwa mdomo, limevaa viatu. Lakini ahadi ilikuwa imetangulia.

"Nenda," Ukuta alisema.

"Una hakika?"

"Nimesema nenda, Shoto. Unataka nikuimbie?"

Kitu kikashuka usoni mwake. Hakubisha. Alitikisa kichwa juu chini, mara moja, kama mtu aliyepewa maelekezo ya njia akayaelewa. Akavaa miwani yake yenye gundi.

"Haya. Tutaonana uwanjani."

Kengele ilipolia tena na mlango kufungwa, shangazi alitoka nyuma ya pazia akiwa ameshika kiuno.

"Umemwambia nini mtoto wa watu?"

"Nilichotumwa."

"Na ulichotaka je?"

"Shangazi, nina lenzi ya kukata."

"Kata. Ila angalia usikate vidole." Akarudi kwenye meza yake, akaongeza bila kuinua macho: "Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi nilificha, na unaniona. Nina duka zuri sana."

Alasiri uwanja ulikuwa umejaa. Wazazi walibanana jukwaani, watoto wa timu walikuwa wamepangwa kando ya uzio na sare zilizopigwa pasi, na kipaza sauti cha Mwenyekiti kilipiga mluzi kila alipokisogelea. Ukuta alifika na nguo za kazini. Glavu yake ilikuwa imekauka kama ubao, ikabidi aifinye finye mkononi akiwa amesimama, anahama mguu huu na huu. Wa kwanza akaenziwa. Wa pili. Wa tatu alirusha mpira ukaenda kwa wazazi, watu wakacheka mpaka basi. Yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama baba yake, aliyekaa peke yake kwenye benchi la timu, fimbo kati ya magoti, naye akimtazama yeye.

"Na sasa," Mwenyekiti akanguruma, "mrushaji ambaye timu hii haijapata mwingine! Na mdakaji wake, mnamjua, hana haja ya kutambulishwa!"

Makofi yalilipuka. Shoto alipanda kwenye kituta. Ukuta akaenda nyuma ya kibao cha mpigaji, akachuchumaa. Magoti yalilalamika, lakini mwili ulikumbuka wenyewe.

Wasiojua mchezo huu hudhani mrushaji hurusha anavyotaka. La. Mdakaji ndiye anayeuona uwanja wote, kwa hiyo ndiye anayeonyesha kwa vidole, chini ya mapaja, mpira gani urushwe. Mrushaji ana haki ya kutikisa kichwa kukataa, na mdakaji anaonyesha mwingine. Wavulana wote aliowahi kuwadakia Ukuta walimtikisia kichwa, wengine kwa kiburi tu kwamba hawaamrishwi na msichana. Shoto hakuwahi. Kwa miaka yote ya timu ile, kila alichoonyeshwa alikubali.

Akamwonyesha kidole kimoja: mpira wa moja kwa moja. Shoto akakubali. Mpira ukaja ukagonga katikati ya glavu, na kiganja kikamuuma vizuri.

Uwanja ulishangilia. Ukuta alipewa jaketi, akatembea mpaka kwenye kituta huku miguu ikitaka kukimbia, kwenda au kurudi, haikujua.

"Umerusha polepole," alisema.

"Bega."

"Leta mkono."

Aliingiza mkono wa kushoto. Watu walikuwa wanapiga makofi na kupiga picha, na wao wawili walikuwa katikati ya kelele hizo kama wamo chumbani. Ukuta akaanza kufunga vifungo.

"Nimeshampigia Mwenyekiti," Shoto alisema. "Nimemwambia siichukui timu."

"Umempigia lini?"

"Nilipotoka tu dukani."

"Mara hiyo?"

"Hata barabara sijavuka."

"Hata barabara hukuvuka!" Kifungo kikaingia tundu lisilo lake. "Mtu anaambiwa neno moja, anatoa simu hapo hapo mlangoni?"

"Uliniambia niende."

"Na nikikuambia ujitupe kisimani?"

"Ukuta, unatabasamu na huku unanifokea."

"Natabasamu kwa ajili ya picha. Tungekuwa peke yetu ningekung'ata." Alivuta kola kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Miaka saba iliyopita nilikuambia nenda, ukaenda. Hukusema ngoja. Hukusema hata kwa nini. Ulitikisa kichwa chako hicho, ndiyo, kama leo, ukabeba begi. Nilikaa jukwaani pale mpaka wafagiaji wakanifukuza."

"Mimi ndiye nimekosea?" Sasa sauti yake nayo ilikwaruza. "Niliposimama hapa juu nilikuwa nakuona wewe tu. Wewe ulikuwa unauona uwanja mzima. Hukunionyesha mpira ukanipoteza hata siku moja, kwa hiyo nikazoea hivyo, ndani ya uwanja na nje yake. Ulivyosema nenda nikadhani umeona kitu nyuma yangu ambacho mimi sikioni. Nikadhani umeona kwamba hunihitaji."

"Sikuona kitu! Niliogopa tu kuwa kamba mguuni mwako. Nilisema nenda ili wewe useme siendi."

"Mbona hukusema hivyo?"

"Nani husema hivyo?"

"Watu!" Shoto alisema. "Watu husema, Ukuta. Wenye midomo."

Mwenyekiti alikohoa kwenye kipaza sauti. Makofi yalianza kupungua, na mtu mmoja jukwaani akauliza kwa sauti kama jaketi lina zipu au lina kufuli.

"Na leo asubuhi?" Shoto alinong'ona. "Leo pia ulitaka nikatae?"

Macho ya Ukuta yalikwenda yenyewe kwenye benchi, na Shoto akayafuata mpaka kwa mzee mwenye fimbo. Akaelewa.

"Kwa hiyo lile halikuwa lako."

"Niliahidi."

"Sawa. Sasa nakuuliza wewe, si Kocha. Unataka nini?"

Hapo ndipo angelisema. Hapo hasa. Lakini hasira na aibu vilikuwa vimemjaa mpaka machoni, na kazi Shoto ameshaikataa, na uwanja mzima unatazama. Akafanya kile anachokijua.

"Nataka uende," alisema, machozi yakimning'inia. "Umeshakataa timu, umeshakata tiketi. Nenda zako, basi lisikuache."

Shoto alivua miwani, akaitia mfukoni, akamtazama uso wote. Kisha kichwa chake kikaenda upande mmoja, kikarudi upande wa pili.

Ukuta hakuelewa kwanza. Hakuwahi kukiona kichwa kile kikienda hivyo.

"Hapana," Shoto alisema. "Siendi."

"Shoto…"

"Hapana. Nikataze na hilo pia, nitakataa. Nimechelewa kujifunza, lakini nimejifunza."

Ndipo baba yake alipowafikia. Alikuwa amevuka uwanja wote kwa fimbo, na uso wake ulikuwa umefungwa.

"Jaketi moja linavaliwa mpaka magharibi?"

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Nasikia umeikataa timu. Umefanya vizuri."

"Nimeikataa, Kocha. Lakini mjini nabaki."

Mzee akamgeukia binti yake. "Uliniahidi."

"Niliahidi, na asubuhi nilimwambia. Ahadi yako nimeimaliza, baba." Alijifuta macho kwa mgongo wa glavu. Sasa mdomo ulikuwa umefunguka na haungefungika. "Ulisema ulipoteza wachezaji wawili. Huyu alikwenda mbali, ni kweli. Mimi sikwenda popote. Nilikuwa mezani kwako kila jioni. Hukuniuliza hata siku moja kwa nini siigusi glavu."

"Nilijua kwa nini."

"Ulijua kwa sababu ya nani. Kwa nini, hukuuliza. Hakuniacha, baba. Nilimfukuza mimi mwenyewe, na leo nimemfukuza tena kwa ajili yako, na dakika hii nimemfukuza tena kwa ujinga wangu. Sitaki aende. Nampenda. Nimempenda tangu alipokuwa hajui kufunga kamba za viatu, na ukinikataza nitampenda na makatazo yako."

Mwenyekiti alikuwa ameshusha kipaza sauti. Kocha aliutazama uso wa binti yake kama mtu anayetafuta mahali alipoachia kusoma, kisha akamtazama yule kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika mpira.

"Timu simpi mtu aliyekwisha kuikataa," alisema hatimaye. "Hilo ulijue."

"Sijaiomba, Kocha."

"Kazi utajitafutia."

"Nitatafuta."

"Na nyumbani kwangu huingii mpaka nikuite. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Kocha."

Mzee alitikisa kichwa kwa ukali, akageuka, akaanza safari yake ya kurudi kwenye benchi. Fimbo, goti, fimbo, goti. Hatua chache mbele baba yake akasimama. Hakugeuka.

"Kesho," alisema. "Mchana. Usichelewe, sipendi chakula kilichopoa."

Akaendelea na safari yake. Ukuta akaushika mkono wa Shoto pale pale juu ya kituta, mbele ya wazazi, watoto na kamati nzima, na safari hii hakuwa na kifungo cha kusingizia.